Nywele na Kucha za Akyaa

Mtaani Bantama, mjini Kumasi, mzazi mwenye akili hakupokea posa kabla ya kumtafuta Dufie. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mabega mapana na sauti ndogo isiyolingana na mabega hayo, na kazi yake ilikuwa kuuliza. Ukimtajia jina la kijana na mji wa mama yake, Dufie alifunga kifurushi chake akapanda basi. Huko aendako aliketi penye bomba la maji, akasuka nywele za watu asiowajua, akahudhuria mazishi ya marehemu ambaye hakuwahi kumwona, akalia pale walipolia wengine. Akirudi alikuwa ameshajua kama ukoo ule una wazimu, kama yupo aliyejinyonga, kama wanaume wao hupiga wake zao. Alijibu alichoulizwa, akanywa maji, akaenda zake.

Kazi aliirithi kwa mama yake mkubwa, pamoja na mwiko mmoja: asili ya mtu haisemwi. Katika kila nyumba kubwa ya Waasante yupo ambaye bibi yake alinunuliwa kaskazini zama za zamani, akapewa jina na mahali pa kulala, na wajukuu wake wakawa wajukuu kama wengine. Wote wanajua, na hakuna anayefungua kinywa. Anayefungua huchinja kondoo wa faini, na hata baada ya kondoo watu humgeuzia nyuso. Dufie aliyajua mengi ya namna hiyo, na yote aliyafukia tumboni. Ndiyo maana neno lake lilipokewa bila kupimwa tena.

Kuhusu yeye mwenyewe hakuna aliyeuliza. Aliwahi kuolewa na muuza matairi, ndoa ikaisha bila ugomvi, kama taa inavyoishiwa mafuta. Wanawake wa mtaani walimtania kwamba amechungulia ndoa nyingi mno, sasa zote anaziogopa. Alicheka nao. Hakuwaambia kuwa tangu shule ya wasichana alijua moyo wake unaelekea wapi, na kwamba kwa miaka yote hiyo amekuwa akiutembeza kama mtu anayemtembeza mbuzi wa jirani, kwa kamba fupi.

Mwanzoni mwa mvua akaja Opanin Tabiri, mkuu wa ukoo wa kifalme wa mji wa Anyinabo, pamoja na wazee wawili. Dufie aliwapa maji, wakanywa, akawauliza habari ya safari yao.

"Mama Dufie, tumepoteza mtu," Tabiri akasema.

"Amepotea lini, Opanin?"

"Wewe ulikuwa unatambaa."

Akamweleza. Mama wa kigoda, yule anayemteua mfalme na ambaye wafalme hutoka katika tumbo la ukoo wake, alikuwa amefariki. Katika nyumba yao alibaki mwanamke mmoja tu, Nana Afra, ambaye uzazi ulikuwa umeshampita. Wanaume walikuwapo wengi, lakini mwanamume wa kifalme hazai mfalme, dada yake ndiye anayezaa. Pasipo mwanamke, kigoda, yaani kiti cha enzi, kingehamia nyumba ya pili, ya akina Opanin Boadu, na kisingerudi tena. Zamani, hata hivyo, palikuwa na binti aliyeitwa Akyaa. Wazee walitaka kumwoza kwa binamu yake, naye alikuwa na mimba ya dereva wa lori la kakao. Alipanda lori hilo asubuhi moja na hakuonekana tena.

"Kama amekufa, tutafutie alichokizaa," Tabiri akasema. "Kama alichokizaa ni mwanamke, tumepona."

Dufie alizunguka nchi ya kakao mvua zote. Dereva alikuwa ameshafia Sefwi, lakini utingo wake alikuwa hai, mzee asiye na meno, na alimkumbuka mwanamke yule kwa jambo moja. Hakuwahi kumwona akikanyaga ardhi kwa mguu mtupu. Lori likizama kwenye tope hadi kwenye ekseli, wote wakishuka pekupeku kulisukuma, Akyaa alishuka na makubadhi yake. Utingo alidhani ni maringo. Dufie alijua si maringo, kwa maana wa kigoda hakanyagi mchanga kwa nyayo zake, mji usije ukapata balaa. Akauliza alishukia wapi. Utingo akasema Praso, penye daraja la mto Pra.

Huko Praso, karibu na kituo cha mabasi, palikuwa na tanuri la udongo na mwanamke wa miaka thelathini na kitu akioka mikate ya kuwauzia abiria. Wasaidizi wake walikanda unga pekupeku katika uwanja uliofagiliwa. Yeye alikuwa ameketi, na alipotaka kuinuka alitafuta kwanza makubadhi kwa vidole vya miguu, polepole, kama mtu anayepapasa ukingo wa mto gizani. Dufie akajua amefika. Kwa kawaida, akishafika, alirudi siku hiyohiyo.

"Mama yako alizaliwa huku huku?" akamuuliza.

"Unataka wa siagi au wa sukari?"

"Wa sukari. Nimeuliza kwa sababu ya uso wako."

"Uso wangu umezaliwa na tanuri hili. Nani anayefuata, jamani? Foleni ni ndefu."

Jina lake lilikuwa Birago. Dufie alinunua mkate wa sukari, na kesho yake akanunua mwingine. Akapanga chumba nyuma ya kiwanda cha mbao, akimwambia Opanin Tabiri kwa simu kwamba bado anatafuta. Alijiambia anataka kuwa na uhakika. Siku moja mvua ilikuja na upepo, banda la unga likaezuliwa, naye akaacha mwavuli wake barabarani akakimbilia magunia. Aliyabeba moja moja hadi ndani, Birago akishika taa na kucheka.

"Mabega haya Mungu alikuwa anamtengenezea mwanamume," akasema, "akabadili mawazo."

"Hakubadili. Alichelewa tu kuniambia."

Birago akaacha kucheka. Akachukua kanga kavu akamfuta Dufie maji shingoni, taratibu, hadi maji yakaisha, na mkono ukabaki pale.

Baada ya hapo walikula katika bakuli moja. Birago alitwanga fufu la mihogo, Dufie akaligeuza kinuni, na majirani wakawaita marafiki wawili, neno ambalo kwa wanawake hubeba mengi bila kulalamika. Pale kituoni palikuwa na mhubiri mwenye kipaza sauti, na kila Ijumaa aliwalaani watu wa namna yao mpaka akashikwa na kikohozi. Wao waliendelea kula. "Leo kaka kifua kimembana," Birago alisema, "mpelekeeni chai." Lakini dirisha la chumbani walilifunga hata kwenye joto, na wakitembea barabarani waliacha kati yao nafasi ya kupita mtu wa tatu.

Dufie alikuwa bado anatafuta namna ya kuungama pale Birago alipomwondolea kazi hiyo.

"Ulitumwa na Anyinabo," akamwambia, akichagua mawe katika mchele. "Nilijua siku ya kwanza. Mtu wa mkate huuliza bei."

"Na hukunifukuza?"

"Nilitaka kuona utaondoka lini. Hukuondoka."

Kisha akaleta kopo la biskuti kutoka uvunguni mwa kitanda. Ndani mlikuwa na kitambaa cheupe, na ndani ya kitambaa nywele za mvi na kucha za vidole kumi. Akyaa alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Mwili ulizikwa makaburi ya manispaa, kati ya fundi redio na mtu asiyejulikana, maana hapakuwa na wa kuusafirisha. Lakini afiaye ugenini, nywele na kucha zake zikirudi kwao zikazikwa na jamaa zake, amerudi yeye. Akyaa aliomba jambo hilo moja tu hadi sauti ikamwishia. Birago hakujua aombe kwa nani bila kukamatwa.

"Kigoda sikitaki," akasema. "Wanataka tumbo langu, kichwa watakipamba tu. Watanipa mume, nitazaa mpaka wapate wa kuwatosha, na hata chooni nitasindikizwa. Mama alikimbia hayo. Lakini yeye mwenyewe nataka alale kwao. Wewe kazi yako ni njia za watu. Nitafutie njia."

Dufie aliahidi. Na kwa kuwa alijiamini, alikosea.

Alikwenda Anyinabo peke yake, akampitia Nana Afra kwa mlango wa uani, akamuuliza kwa mzunguko. Mathalani, mtu wa nyumba hii akiwa amefia mbali, na mathalani msamaria mmoja angependa kuleta alama zake bila kutajwa, je, zingepokewa? Bibi alimsikiliza akitafuna kijiti cha meno. Aliuliza neno moja, kwamba kucha hizo zilikatwa na mkono wa nani. Dufie, ambaye kwa miaka ishirini aliwatoa watu maneno kwa kunyamaza tu, alinyamaza yeye. Kucha za maiti wa kike hukatwa na binti yake. Bibi akaacha kutafuna.

Wiki hiyohiyo gari la wazee, lililomfuata Dufie hadi Praso, likasimama mbele ya tanuri. Wafanyakazi wakadhani ni wateja wa harusi. Birago aliwapa maji, akakaa nao kwa adabu zote alizofunzwa na mama yake, na adabu hizo zenyewe zikawa ushahidi dhidi yake. Tabiri alimtazama miguu akatokwa na machozi. Hakutishia wala hakubembeleza sana. Alisema siku Birago atakapoketishwa kigodani, Akyaa ataingizwa makaburi ya kifalme kwa ngoma. Asipoketi, basi ukoo haumjui aliye katika kopo.

Walipoondoka Dufie alisema waende Abidjan, basi huondoka kila asubuhi. Birago alikuwa akipaka siagi vibati vya mikate, hakuacha.

"Na kopo?"

"Tutaenda nalo."

"Kisha nani atalirudisha? Nitaketi, Dufie. Utakuja kuniamkia kama watu wengine. Labda nitakuomba uwe mhudumu wangu, unipepee."

"Na mume?"

"Utampepea na yeye," Birago akasema, na wote wawili wakacheka, kicheko kibaya ambacho hakikujua pa kuishia.

Dufie hakulala vizuri siku zile. Mwenzake alikuwa anajitoa kama kondoo wa faini, na aliyewafungulia wachinjaji mlango ni yeye. Akaanza kutafuta njia, na alipoipata ilimpendeza kwa unyoofu wake. Kabla ya kuketishwa, anayefuatilia nyayo husimama mbele ya ukoo akaapa mtu huyu ni nani. Atakayeapa ni Dufie. Akisema kopo ni la Akyaa, Akyaa atazikwa kwao. Akisema Birago si tumbo la Akyaa, Birago hatafaa. Mama atalala, binti ataachiwa, na wao wawili watarudi kwenye tanuri lao. Hakumwambia Birago. Alijua angekataa, akadhani kukataa huko ni woga utakaopita.

Walikutana katika ua wa jumba la Anyinabo. Wanaume walikuwa wameteremsha nguo mabegani na kuvua viatu, kama ipasavyo mbele ya kigoda. Birago aliingizwa akiwa na kitambaa cheupe na makubadhi miguuni, kwa amri ya Tabiri, ili watu waone. Kopo lilikuwa mapajani mwake. Upande wa pili alikaa Opanin Boadu wa nyumba ya pili, mtu mnene mwenye subira, na watu wake nyuma yake.

Dufie akapewa kinywaji, akamwagia ardhi, akanywa kilichobaki. Msemaji wa mfalme akaegemea fimbo yake.

"Dufie wa Bantama, wewe ndiye uliyefuata nyayo. Mtu huyu ni nani?"

"Akyaa alifia Praso," Dufie akasema. "Kaburi lake nimeliona. Nywele na kucha zilizomo humo ni zake, kwa kiapo changu. Ni mtu wenu, mlazeni."

Wanawake wakaanza kuguna kwa huruma. Akasubiri wanyamaze.

"Lakini huyu aliyezileta, Akyaa hakumzaa. Mimba ya dereva iliharibika kule Sefwi. Huyu mama yake alikuwa msichana wa kaskazini, mbeba mizigo wa sokoni, akafa kwa uzazi. Akyaa alimwokota akamlea."

Msemaji akamuuliza kama amesema. Akajibu amesema. Tabiri aliinuka, mdomo wazi, lakini Boadu hakumpa nafasi.

"Kaa chini, ndugu yangu," akasema kwa upole. "Asili ya mtu imetajwa mbele ya kigoda. Anayeitaja mara ya pili, hata kwa kuipinga, mwajua kinachomfika. Tusimwaibishe mgeni."

Tabiri akabaki amesimama, akitazama watu wake mmoja mmoja. Kisha akaketi. Mmoja tu aliruhusiwa kujibu, kwa sababu mtu hakatazwi kumdai mama yake. Msemaji akamgeukia Birago.

"Dada, una neno?"

Hapo ndipo Dufie alipoona alichokifanya. Alikuwa amepiga hesabu ya tumbo na kigoda na kopo, akasahau kwamba katika nchi yao mtu ni wa mama yake, na asiye na mama si wa mtu. Aliona uso wa Birago ukitafuta neno. Akisema, Huyu ni mama yangu, atavikwa dhahabu na kupewa mume kabla ya jua kuzama. Akinyamaza, hakuwahi kuwa na mama. Birago hakumtazama msemaji. Alimtazama Dufie, muda mrefu, bila hasira, kama mtu anayesoma kibao cha mji ambao hakuutarajia.

"Sina," akasema.

Mhudumu akamwendea, akainama, akamnong'oneza. Yalisikika maneno mawili tu, "dada" na "makubadhi". Birago akavua moja, akavua la pili, akaweka nyayo zake kwenye mchanga. Zilikuwa laini na nyepesi kwa rangi, nyayo za mtoto chini ya mwanamke mzima. Wanawake wa nyumba wakaja wakachukua kopo wakaelekea nalo ndani, kule ambako mgeni haingii. Mkono wa Birago ulilifuata hatua moja, kama wa mtu anayetaka kurekebisha kifuniko, kisha ukashuka.

Nana Afra alipita akisaidiwa na fimbo. Alisimama, akamshika Birago kidevu, akaugeuza uso wake huku na huku, na macho yake yakajaa.

"Pole, mtoto wa watu," akasema, akaingia ndani pamoja na wenzake kumzika Akyaa.

Nje ya lango ngoma zilisikika vizuri. Dufie alisimama kando ya Birago, hakuthubutu kumgusa.

"Nani alikwambia nataka hivi?" Birago akauliza.

"Ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa."

Akaenda barabarani pekupeku, makubadhi mkononi, akapanda gari lililokuwa limeshajaa, nalo likaondoka.

Bantama hapakuwa tena na kazi ya Dufie. Habari zilikuwa zimemtangulia. Hakuna aliyemlaumu usoni; walimsalimia, wakamuuliza afya, na posa zao wakawapelekea wengine. Kinywa kilichotaja asili ya mtu mara moja kilikuwa kinywa kilichofunguka. Alisubiri msimu mmoja, akauza kitanda na kabati, akahamia Praso, akapata mahali pa kumenyea na kuuzia machungwa kituoni, ng'ambo ya barabara kutoka kwenye tanuri.

Kila asubuhi alinunua mkate mmoja. Birago alimuuzia. Alimtajia bei, akafunga mkate kwenye gazeti, akamwambia mteja wa nyuma asogee. Habari za Anyinabo zilikuwa zimefika hapo pia. Zamani watu wa Asona, ukoo wa Akyaa, pale Praso walimhesabu Birago kuwa wao, kama walivyomhesabu mama yake. Wakifiwa walimletea taarifa, akafunga nguo nyekundu akakaa mkekani na wenzake. Sasa walipita na taarifa zao nyumba ya jirani. Mikate waliendelea kununua. Mmoja wa wasaidizi, alipokaripiwa kwa kuunguza, alijibu kwa kuguna kwamba hata wabeba mizigo siku hizi wanatoa amri. Birago alimsikia. Alivaa makubadhi sokoni kama wanawake wote, na uwanjani akayaacha mlangoni, nyayo zikaanza kupasuka.

Siku ya kumbukumbu ya kifo cha Akyaa ilipofika, Dufie alipokwenda kuchukua mkate wake, Birago alimuuliza kama ana wembe wa kunyolea. Dufie akasema atautafuta. Walikaa nyuma ya banda la unga, Birago kwenye gunia, Dufie akiwa amesimama. Binti aliyefiwa hunyolewa na ndugu zake. Siku ya mazishi Birago alikuwa barabarani, ndani ya gari.

Dufie alinyoa polepole. Alikuwa hajamgusa tangu Anyinabo, na kichwa kile kilikuwa na joto lilelile.

"Walimlaza vizuri?" Birago akauliza.

"Vizuri. Nilibaki langoni hadi ngoma zikaisha. Walimwita kwa majina yake yote."

"Basi."

Akanyoa upande wa pili. Mwishowe akasema, "Nilitaka turudi hapa."

"Najua ulichotaka. Si tumerudi?" Birago akafuta nywele zilizomwangukia begani. "Siku nikifa, Dufie, nani atakata nywele zangu azipeleke, na azipeleke wapi?"

"Mimi nitazipeleka."

"Kwa nani? Watakuuliza, huyu ni wa nani. Utawajibu nini? Ulishawajibu."

Dufie alimaliza kunyoa nyuma ya masikio, akafuta wembe. Birago aliinama akakusanya nywele zote kutoka mchangani, kwa uangalifu, mpaka zile fupi kabisa, akazibeba kwa viganja viwili. Dufie akafungua kitambaa chake cheupe, akakinyoosha kumpokea. Birago akampita, akaenda hadi kwenye tanuri, akazitupa motoni.

Harufu ilitoka uwanjani ikavuka barabara. Abiria waliokuwa wamepanga foleni wakaziba pua, wakauliza nini kimeungua, wakaenda kununua biskuti za dukani. Birago akatoa mikate, akaipanga juu ya meza kama kawaida. Dufie alinunua mmoja, akakaa kizingitini akaula wote, hadi ukoko.